Mwalimu Anayetaka Kuongoza Shule Asome Nini?



Kila dirisha la udahili linapofunguliwa vyuoni, walimu huanza kuulizana swali moja. Wanaulizana ofisini, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata wakiwa wamekaa kwenye benchi la halmashauri wakisubiri kumwona ofisa utumishi: nikasome uzamili ya uongozi wa elimu, au niendelee na somo langu? Huyu ni mwalimu wa kemia, tuseme, amefundisha miaka kadhaa, sasa ni mwalimu wa taaluma, na shule nzima inamwona kuwa ndiye mkuu ajaye. Akiomba ushauri, anajibiwa kwa hesabu ya daraja la mshahara. Wengine wanamwambia cheti kipya hakimpandishi mtu siku hizi. Wengine wanamwambia asome tu, hawezi kujua kesho.

Leo nataka kulijibu swali hilo nikiwa upande wa shule atakayoiongoza. Nasema mapema msimamo wangu. Uzamili ya uongozi wa elimu, au masta kama wengi wetu tunavyoiita, ina thamani kubwa kwa mwalimu wa aina hii. Lakini sehemu yake yenye thamani kuliko zote ni tasnifu, ule utafiti wa mwisho, na hiyo ndiyo sehemu tunayoitupa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu wengi hawaijui. Mkuu wa shule ya sekondari ya Serikali leo ni mwalimu, ni mhasibu, ni ofisa manunuzi, ni mpatanishi wa wazazi, na mara nyingi ni msimamizi wa ujenzi. Mtakumbuka Oktoba 2021, Serikali ilipozindua mpango wa ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndani ya mpango ule kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000: sekondari 12,000, na 3,000 katika vituo shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20, na vilitakiwa viwe tayari kupokea wanafunzi Januari 2022. Ujenzi ulikwenda kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo.

Sasa mtazame mkuu wa shule aliyesomea kufundisha historia na Kiswahili. Saa kumi na mbili asubuhi amesimama nyuma ya lori, anahesabu mifuko ya saruji inavyoshushwa. Kamati ya mapokezi ina wajumbe watatu na mmoja hajafika, kwa hiyo karatasi haiwezi kusainiwa. Fundi anataka malipo ya msingi. Muuza mchanga ametoa mchanga mzuri kwa bei nzuri, ila hana mashine ya EFD, na mkaguzi atataka risiti. Kengele ya mstarini imegonga. Na Kidato cha Nne B hawana mwalimu wa kipindi cha kwanza, kwa sababu mwalimu huyo ndiye aliyesimama nyuma ya lori.

Walimu wengi waliifanya kazi ile kwa uaminifu mkubwa, na madarasa yapo, watoto wamo ndani. Wanastahili heshima kuliko waliyopewa. Lakini ni wangapi kati yao waliwahi kukaa darasani kufundishwa namna ya kusoma mchanganuo wa gharama za ujenzi, au kupanga ruzuku ya uendeshaji, ambayo imewekewa kiwango cha shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka na 10,000 kwa wa msingi? Tangu ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne Januari 2016, kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, ruzuku hiyo ndiyo mhimili wa shule nyingi. Kuipanga vibaya ni kukosa chaki mwezi wa nane.

Utaratibu wetu wa kumpata kiongozi, kwa desturi, huanzia darasani. Mwalimu anayefundisha vizuri anafanywa mkuu wa idara, kisha anapewa taaluma au nidhamu, kisha umakamu, na siku moja barua ya uteuzi inafika. Makabidhiano yanafanyika: funguo, mihuri, vitabu vya fedha, rejesta ya mali. Mafunzo, yakiwepo, yanakuja baadaye. Sina ugomvi na ngazi hiyo. Ni ngazi nzuri, na anayeruka hatua zake huonekana. Ninachosema ni kwamba kila hatua ya ngazi hiyo ingekuwa darasa, kama kungekuwa na mtu wa kumsaidia mwalimu kuitafakari akiwa bado anaipanda.

Vyuo tunavyo. Bagamoyo ipo ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, iliyoanza ikiitwa MANTEP na kufanywa wakala wa Serikali mwaka 2001. Hapo ndipo walimu wakuu na maofisa elimu wamekuwa wakipata kozi fupi na stashahada za uongozi na usimamizi wa elimu. Kwa kazi ya kila siku ya ofisi, kama vile mahesabu, mikutano, nidhamu ya watumishi na utunzaji wa kumbukumbu, stashahada ile inamfaa mtu sana, na namshauri mwalimu asiidharau kwa sababu tu tayari ana shahada. Kwa uzamili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo fani ya usimamizi na utawala wa elimu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina uzamili ya elimu katika utawala, mipango na sera, na kina vituo mikoani, kwa hiyo mwalimu wa Kibondo au Newala hahitaji kuhama nyumbani. Vipo na vingine, vya umma na vya binafsi. Wenzetu Kenya wana KEMI, taasisi yao ya usimamizi wa elimu, ambayo ilianza mwaka 1981 kwa jina la KESI.

Kwa hiyo mahali pa kusomea papo. Tuulize anakwenda kufuata nini huko.

Mwaka 2004, Kenneth Leithwood na wenzake huko Amerika ya Kaskazini walipitia tafiti nyingi, wakafikia hitimisho ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo: kati ya mambo yaliyo ndani ya shule yanayogusa kujifunza kwa mwanafunzi, la kwanza ni ufundishaji darasani, na la pili ni uongozi. Miaka minne baadaye, Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, pamoja na wenzake wawili, wakauliza swali la ndani zaidi: katika yote anayofanya mkuu wa shule, lipi hasa linamfikia mtoto? Wakayapanga matendo ya viongozi katika mafungu matano. Moja ni kuweka malengo. Lingine ni kutafuta na kugawa rasilimali. Lipo la kupanga na kufuatilia ufundishaji, na lipo la kuhakikisha shule ina utulivu. Lililozidi yote kwa mbali ni mkuu kusimamia mafunzo ya walimu wake na yeye mwenyewe kushiriki, akakaa nao, akajifunza nao.

Nataka tulitafakari hilo kwa mazingira yetu. Tunao mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowataka walimu wakutane shuleni kwao na kujadili ufundishaji. Nenda shule ambayo mkuu anafungua kikao kwa dakika tano kisha anarudi ofisini kwa sababu kuna simu ya halmashauri. Halafu nenda shule ambayo mkuu anavuta kiti, anafungua daftari, na mwalimu kijana aliyeajiriwa juzi anaeleza jinsi alivyofundisha sehemu na desimali, na mkuu anamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Walimu wanaona tofauti hiyo siku ile ile. Kikao cha pili kitajaa, na cha kwanza kitakufa kabla muhula haujaisha.

Hapa ndipo uzamili inapoingia. Stashahada inamfundisha mkuu kuendesha ofisi. Uzamili, ikifundishwa inavyopaswa, inamfundisha kuuliza swali, kutafuta ushahidi, kuupima, na kubadili mawazo ushahidi ukimkatalia. Mkuu mwenye tabia hiyo hawezi kuambiwa tu kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu akaridhika. Atataka kujua ni watoto gani, somo gani, tangu lini.

Na tabia hiyo inajengwa kwenye tasnifu. Sasa tazameni tasnifu zetu. Ingia katika maktaba ya chuo chochote kinachofundisha fani hii, tembea kwenye rafu ya tasnifu za uzamili. Utakuta nyingi zinachunguza mitindo ya uongozi ya wakuu wa shule na jinsi inavyohusiana na kuridhika kwa walimu, au na matokeo ya mtihani, katika wilaya fulani. Hojaji imegawiwa kwa walimu mia moja hivi: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali. Majibu yameingizwa kwenye kompyuta, asilimia zimetoka, na sura ya mwisho inapendekeza kwamba Serikali iwape wakuu wa shule mafunzo. Jalada gumu, herufi za dhahabu, mahafali, picha. Shule zilizojaza hojaji hazikupata hata nakala moja.

Siwalaumu walimu walioandika. Mwalimu anaandika anachoruhusiwa na anachoweza kumaliza kwa fedha alizonazo, na wengi wanajilipia wenyewe kwa mkopo wa SACCOS. Ninachoona ni hasara ya taifa. Mtu mzima, mwenye akili, aliye na shule mbele yake kila siku, anatumia mwaka mzima wa utafiti kwenye swali ambalo halikutoka kwake.

Nitoe mfano wa swali la namna nyingine. Naubuni ili tuelewane, lakini wengi wenu mtaitambua shule hiyo. Ni shule ya kata, kijiji chenye gulio kila Jumatano. Mwalimu wa taaluma anajua, kama mwalimu yeyote pale anavyojua, kwamba siku ya gulio wanafunzi hupungua. Basi achukue madaftari ya mahudhurio ya mwaka mzima, kidato cha kwanza hadi cha nne, akae nayo mwisho wa juma, ahesabu siku kwa siku, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Huenda akakuta pengo la Jumatano ni la wavulana wanaobeba mizigo ya wafanyabiashara. Na huenda akakuta jambo ambalo hakuna aliyelisema ofisini: wasichana Jumatano wapo, ila wanakosekana Jumanne mchana, kwa sababu wanawahi nyumbani kuwasaidia mama zao kutayarisha vitumbua vya kuuza kesho yake. Kisha afungue ratiba ya vipindi, aone hisabati ya kidato cha pili imewekwa Jumatano, vipindi viwili mfululizo.

Hapo ana utafiti. Anaweza kumwomba mkuu wake wahamishe hisabati. Anaweza kukaa na wazazi wa watoto ishirini wanaokosekana zaidi, awasikilize kabla ya kuwahubiria. Anaweza kulipeleka suala la chakula cha mchana kwenye bodi ya shule akiwa na tarakimu mkononi. Muhula unaofuata anahesabu tena. Ikiwa mahudhurio hayakubadilika, hilo nalo ni matokeo, na ataeleza kwa nini. Na hapo ndipo kitabu cha J. A. Okumbe wa Kenya kuhusu usimamizi wa elimu, kilichotoka mwaka 1998, kinapoacha kuwa kurasa za kukariri kwa ajili ya mtihani. Sura ya kufanya maamuzi anaisoma akiwa na uamuzi wa kufanya.

Wahadhiri watanipinga hapa, na wana hoja nzito. Watasema mtafiti anayechunguza shule yake mwenyewe hawezi kuwa huru. Makamu wa mkuu akimpa mwalimu wa chini yake hojaji, mwalimu atajibu yale yatakayompendeza bosi. Hiyo ni kweli kabisa, na mtu asiidharau. Lakini dawa yake ipo. Swali likijengwa juu ya kumbukumbu za shule, kama mahudhurio, ratiba, madaftari ya wanafunzi, alama za majaribio au matumizi ya ruzuku, nafasi ya kupendezeshana inapungua sana. Panapohitajika mahojiano na walimu, mwanafunzi mwenzake kutoka shule nyingine anaweza kuyafanya, naye akamfanyia mwenzake vivyo hivyo. Tena majina yafichwe, na mwalimu asiyetaka kushiriki aachwe bila kuulizwa mara ya pili. Utafiti wa vitendo una kanuni zake, unafundishwa duniani kote, na hata vyuo vyetu vinaufundisha kwenye kozi za mbinu za utafiti. Sioni sababu ya kuufundisha darasani kisha kuukataa kwenye tasnifu.

Wengine wamejaribu njia hii kwa namna zao. Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2007, waliendesha cheti cha juu cha uongozi wa shule kwa wakuu waliokuwa kazini. Kazi za chuo zilitakiwa zihusu shule ya mwanafunzi mwenyewe, alikusanya jalada la ushahidi wa aliyoyafanya, na alikuwa na mlezi wa kumtembelea shuleni. Rwanda, Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda kimekuwa kikitoa stashahada ya uongozi wa shule kwa wakuu walio kazini. Singapore wao huwachukua makamu wa wakuu wa shule waliokwisha kuonyesha uwezo, wakawaondoa kazini kwa miezi sita, wakawasomesha katika Taasisi ya Taifa ya Elimu na kuwapeleka kwenye shule nyingine kufanya mradi. Kumtoa makamu shuleni miezi sita kwa mshahara kamili ni jambo ambalo halmashauri zetu nyingi hazilimudu, kwa ikama tuliyonayo. Ule mtindo wa mlezi anayekufuata shuleni, huo tunaweza. Tuna wakuu wa shule wastaafu kila wilaya, watu waliojenga shule kutoka vichakani, wamekaa nyumbani na hakuna anayewauliza lolote.

Lipo na jambo la lugha, nalo linaniuma. Tasnifu za elimu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Sina neno, chuo kina taratibu zake. Lakini mwenyekiti wa bodi ya shule, mzazi wa mtoto anayebeba mizigo gulioni, diwani, ofisa elimu kata, wote wanazungumza nawe kwa Kiswahili, na uamuzi utafanyika kwa Kiswahili. Chuo kikidai kurasa mbili tu za Kiswahili, zinazoeleza swali, kilichopatikana na kinachopendekezwa kifanyike, na zikapokelewa shuleni kwa saini kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kuhitimu, hakuna atakayepata hasara. Mwandishi mwenyewe atafaidika kuliko wote, maana usichoweza kumweleza mzazi katika kikao, hujakielewa bado.

Kwa mwalimu anayeomba nafasi mwaka huu, ushauri wangu ni huu. Ukiweza, chagua utaratibu unaokuacha kituoni, wa masafa, wa jioni au wa likizo, hata kama utachukua muda mrefu zaidi. Darasa la chuo linakuwa na maana nyingine kabisa Jumatatu unaporudi kazini. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi na uitunze barua yake, maana wapo waliomaliza kusoma wakakuta jalada lao halina kumbukumbu yoyote. Kabla hujalipa ada, mtafute mhadhiri mmoja wa idara hiyo umuulize kama idara inakubali utafiti wa vitendo katika shule yako mwenyewe. Akisita, muulize anasita kwa nini, kwa sababu jibu lake litakuonyesha atakavyokusimamia. Na usingoje uteuzi. Mwalimu wa taaluma au wa nidhamu ana nafasi nzuri ya kuchunguza kuliko mkuu, kwa kuwa bado anaingia darasani kila siku na walimu wenzake bado wanamwambia ukweli.

Na kwa maofisa elimu wa sekondari na wa msingi mnaonisikiliza: mnazo barua za ruhusa mnazozipitisha kila mwaka. Ongezeni mstari mmoja kwenye barua hizo, kwamba mwalimu akimaliza ataleta matokeo ya utafiti wake kwenye kikao cha wakuu wa shule cha wilaya. Kikao hicho hukutana hata hivyo. Dakika thelathini za ajenda zinatosha mwalimu mmoja kusimama na kurasa zake mbili za Kiswahili, akaulizwa maswali na watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, na mkuu mmoja wa shule ya jirani akaomba nakala.